Regyuleta: Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Nina donge moyoni ambalo nimelihifadhi tangu muhula wa pili, na leo nimepata ukurasa wa kulitemea. Najua baadhi yenu mtasoma kichwa hiki na kuguna, "Loo! Huyu naye ametuletea fizikia kwenye jarida la Kiswahili!" Naam, nimeileta. Vifaranga wetu waliokufa hawakufa kwa Kiingereza. Ikiwa kosa letu liliweza kusimuliwa bwenini kwa Kiswahili hadi kila mtu akalijua, basi hata dawa yake yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, tena ikaeleweka.

Hoja yangu ni moja tu, nami naiweka mezani mapema ili asiwepo wa kusema nilimzungusha: anayejenga chombo chenye maikrokontrola achague regyuleta yake kwa hesabu ya mzigo, si kwa mazoea wala kwa bei ya dukani. Regyuleta ni kile kidude kinachopokea umeme wa betri na kuushusha hadi kiwango ambacho chipu inaweza kuvumilia. Wengi wetu hukichukulia kuwa kitu cha kumalizia kazi, mfano wa chumvi kwenye mboga. La hasha! Hicho ndicho jiko lenyewe. Jiko likizimika, mboga itaiva vipi?

Hebu niwasimulie yaliyotupata. Ilikuwa mwezi wa Julai, na wakazi wa Kamenu mnajua baridi ya Julai hapa Thika inavyopenya hata kwenye sweta. Chama cha Kilimo kilikuwa kimenunua vifaranga 100 wa siku moja. Vifaranga wa umri huo huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa polepole kadiri manyoya yanavyoota. Joto lao lilitoka kwa balbu za stima. Stima ikipotea usiku, mtu alipaswa kuamka na kuwasha jiko la makaa. Lakini nani angejua stima imepotea hali yeye yuko usingizini?

Hapo ndipo Chama cha Sayansi, ambacho mimi pia ni mwanachama, kilipojitosa kifua mbele. Tuliahidi kengele ya baridi. Chombo chenyewe kilikuwa na chipu ya ATmega328P, ile ile iliyomo kwenye Arduino Uno, kipima joto cha LM35, kijiskrini kidogo, na moduli ya simu ya SIM800L yenye laini ndani yake. Joto likishuka chini ya nyuzi 28, chombo kingetuma ujumbe kwa simu ya mfanyakazi anayelala karibu na banda. Yote hayo yangeendeshwa na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ya aina ile inayotumika kwenye ving'ora vya maduka.

Swali likazuka: tutashushaje volti 12? Mimi, mimi mwenyewe ninayeandika haya, nikajibu kwa sauti ya mjuzi, "Weka 7805, bwana. Kila mtu anatumia 7805." Hakuna aliyenipinga. Tukaiweka moja itoe volti 5 kwa chipu, na kwa kuwa moduli ya simu haitaki zaidi ya volti 4.4, tukapitisha umeme wake kwenye daiodi moja ili ushuke kidogo. Tukaijaribu kwenye maabara, karibu na dirisha. Skrini ikawaka. Joto likasomeka. Ujumbe wa majaribio ukaingia kwenye simu ya mwalimu, tukapigiana makofi utadhani tumefika mwezini.

Usiku wa tatu, stima ikapotea. Asubuhi tulipofungua banda tuliwakuta vifaranga wamejikunyata kwenye kona moja, wamelaliana. Tulihesabu 39 waliokuwa hai. Ukutani, chombo chetu kilikuwa kikiwakawaka taa nyekundu kana kwamba hakuna lolote lililotokea. Mfanyakazi alituonyesha simu yake: hakuna ujumbe hata mmoja. Katibu wa Chama cha Kilimo hakusema neno. Alichukua ndoo akaanza kuwaokota. Majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu huyo alikuja kutukalia mapajani.

Kwa wiki mbili tulitafuta chanzo. Wengine walilaumu laini ya simu, wengine programu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kile kidude cha miguu mitatu nilichokichagua kwa mazoea. Sikilizeni sababu, maana humo ndimo mlimo na somo.

Moduli ya simu ya aina hii hainywi umeme kwa utaratibu kama balbu. Inapotuma, huvuta kwa mikupuo mifupi sana, kila mkupuo ukichukua kama sehemu 6 kati ya 10,000 za sekunde, na katika mkupuo huo yaweza kuvuta hadi ampea 2. Tena, inapokuwa mahali penye mtandao mzuri, hutuma kwa nguvu kidogo. Mtandao ukiwa hafifu, huongeza nguvu hadi mwisho. Kwenye maabara, karibu na dirisha, ilikuwa inanong'ona. Ndani ya banda la mabati ililazimika kupiga kelele. Na 7805 ya kawaida imeundwa kwa mzigo wa ampea 1 hivi, au 1.5 ikiwa imepozwa vizuri. Kila moduli ilipojaribu kutuma, volteji ilianguka, moduli ikazima, ikajiwasha upya, ikatafuta mtandao, ikajaribu kutuma, ikazima tena. Ilifanya hivyo usiku kucha. Multimita yetu haikuonyesha kitu, kwa sababu multimita ya kawaida hupima wastani, nayo mikupuo hiyo hupita kama umeme wa radi kabla haijafumbua jicho.

Jambo la pili ni joto la kidude chenyewe. Ili mwelewe vizuri, nitawapeleka stejini. Tuseme umepanda matatu, nauli ni shilingi 50, nawe unampa makanga shilingi 120. Makanga anazitia mfukoni na hakurudishii chenji. Ukimwuliza, anakwambia shilingi 70 zimeungua. Hiyo ndiyo 7805. Inapokea volti 12, inatoa volti 5, na zile volti 7 zinazobaki inazigeuza joto. Mkondo unaoingia ni ule ule unaotoka. Hakuna kinachorudi kwa mwenye betri.

Sasa tuhesabu, maana bila hesabu haya ni maneno matupu. Chombo chetu kilivuta wastani wa ampea 0.2. Zidisha volti 7 zinazopotea kwa ampea 0.2, upate wati 1.4 za joto. Kidude cha umbo lile kikisimama peke yake bila bati la kukipoza, hupanda nyuzi kama 65 kwa kila wati. Kwa hiyo kilipanda nyuzi 91 juu ya hewa ya banda. Ukijumlisha na nyuzi zaidi ya 25 za hewa yenyewe, unakaribia nyuzi 120 ndani ya kidude. Maji yangechemka juu yake! Kati ya wati 2.4 zilizotoka kwenye betri, wati 1 tu ndiyo iliyofanya kazi yetu.

Betri nayo? Betri ya risasi haifai kumalizwa kabisa, kwa hiyo tuseme tunatumia nusu ya ampea-saa 7, yaani 3.5. Gawanya kwa 0.2, upate saa 17 na nusu. Stima ikipotea jioni, chombo kitakuwa kimekata roho kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili.

Basi mbadala ni upi? Ni regyuleta ya swichi. Hii haichomi kilichozidi. Ndani yake mna swichi inayofunguka na kufungwa haraka mno, nje kuna koili, daiodi na kapasita. Fikirieni tangi la maji juu ya ploti. Bomba la kulijaza halifunguliwi nusunusu. Boya hulifungua likapungua, hulifunga likijaa, na wapangaji huko chini huoga maji yanayotiririka sawasawa bila kujua bomba limefungwa au limefunguliwa. Koili na kapasita ndizo tangi hilo. Swichi ndiyo boya, ila hili huenda mbio: chipu ya LM2596, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, hufunga na kufungua mara 150,000 kwa sekunde.

Makanga wa namna hii hukurudishia chenji, akakata kijitozo kidogo tu cha kazi yake. Tuseme anafaulu kwa asilimia 85. Ili kutoa wati 1, anachukua wati 1.18 kutoka kwa betri. Gawanya kwa volti 12, upate ampea 0.098. Naam! Anatoa ampea 0.2 hali anavuta chini ya 0.1. Mwenzangu wa kidato cha tatu alipoona hesabu hii alidhani nimekosea, akasema umeme hauwezi kuzaana. Hauzaani. Volteji imeshuka, mkondo umepanda, na jumla ya nguvu haijazidi iliyoingia. Betri ile ile iliyokufa baada ya saa 17 sasa yafika saa 35 na zaidi. Na joto linalopotea ni wati 0.18, ambalo ukiligusa utaona ni vuguvugu tu.

Mpaka hapa najua kuna mtu amekwisha kukunja noti kiganjani, anataka kupanda matatu aende Luthuli Avenue, Nairobi, akanunue regyuleta za swichi mfuko mzima. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Sikuja hapa kuwatoa kwenye mazoea ya 7805 ili niwaingize kwenye mazoea mengine. Kuna mahali ambapo regyuleta ya kawaida inaishinda ya swichi, na asiyesema hivyo ni mchuuzi, si mshauri.

Chukueni chombo kinacholala. Tuseme unajenga kipimio cha mvua cha kuwekwa shambani, kinachoamka mara moja kwa saa, kinaandika, kinalala. Kikiwa usingizini chipu hula sehemu ndogo sana za miliampea. LM2596 yenyewe, hata isipofanya kazi yoyote, hula kama miliampea 5 za kujiendesha. Ni sawa na kuajiri askari wa lango anayekula chakula kingi kuliko familia nzima anayoilinda. Hapo ukichukua seli moja ya lithiamu ya volti 3.7 na regyuleta ndogo ya kawaida kama MCP1700 ya volti 3.3, utafaulu kwa asilimia 89, kwa sababu tofauti ya 3.7 na 3.3 ni ndogo, nacho kidude hicho hujilisha kwa takriban sehemu 2 tu kati ya 1,000 za miliampea. Lakini msije mkaifunga MCP1700 kwenye betri ya gari: mwisho wake wa kupokea ni volti 6.

Kuna na suala la kelele. Swichi inayofunga na kufungua huacha mawimbi madogo kwenye umeme, ya milivolti kumi kadhaa hivi. Kwa taa au mota, hakuna shida. Lakini LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kelele ya milivolti 30 ikipenya kwenye waya wake, umepotea nyuzi 3, na kwa kifaranga nyuzi 3 si mchezo. Dawa ipo: weka waya wa kipima joto mbali na koili, uwe mfupi, kisha programu isome mara kadhaa na kuchukua wastani. Au tumia kipima joto kinachotuma tarakimu, kama DS18B20, ambacho hakisumbuliwi kirahisi na mawimbi hayo.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua ajiulize maswali matano, na ayajibu kwa kalamu kabla hajatia mkono mfukoni.

La kwanza: umeme unaoingia ni volti ngapi, kwa juu kabisa na kwa chini kabisa? Usiseme "12" kwa kuwa betri imeandikwa 12. Betri ya gari iliyojaa ni 12.6, ikichajiwa hufika 14.4. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 yaweza kutoa 21 au 22 kwenye jua kali ikiwa haijafungwa mzigo. Moduli ndogo yenye MP2307 huishia volti 23, kwa hiyo utakuwa unacheza ukingoni mwa kisima. MP1584 hufika 28, LM2596 hufika 40. Angalia pia maandishi kwenye kapasita za moduli, kwani chipu yaweza kuvumilia 40 hali kapasita iliyowekwa mlangoni imeandikwa 35.

La pili: unataka volti ngapi zitoke? Na je, zinazoingia zitazidi daima zinazotoka? LM2596 inahitaji nafasi ya volti 1.5 hivi juu ya inachotoa. Ukiwa na betri ya volti 6 inayoshuka hadi 5.5, haitakupa 5 safi. Ukiwa na seli ya lithiamu unataka 5, unahitaji regyuleta ya kupandisha, mfano MT3608, si ya kushusha.

La tatu, na hili ndilo lililoua vifaranga: kilele cha mzigo ni ampea ngapi? Si wastani, kilele! ESP32, ile chipu yenye waifai, inashauriwa ipewe regyuleta ya angalau ampea 0.5. SIM800L inataka 2. Na moduli iliyoandikwa "3A" bila bati la kuipoza, wewe ihesabu kama 2, usilale ukiota 3.

La nne: chombo kikilala kinakula kiasi gani, na regyuleta yenyewe inakula kiasi gani?

La tano: kuna kitu kinachodhurika kwa kelele?

Ukishajibu hayo matano, regyuleta itajichagua yenyewe. Wakati mwingine itakuwa 7805. Sina ubaya nayo! Inafaa sana darasani, kwa mzigo wa miliampea 20 na umeme wa volti 9, kwa mwanafunzi anayejifunza kwa mara ya kwanza. Ina miguu mitatu, haina kelele, na ukikosea kidogo inajizima yenyewe badala ya kuungua. Ninachokataa ni ile kauli ya "kila mtu anatumia". Bura yangu sibadili na rehani, sawa, lakini bura isiyokuinga baridi utaing'ang'ania ya nini?

Wapo watakaosema regyuleta ya swichi ni ghali na ngumu. Kuhusu bei, moduli iliyokwisha kuunganishwa ni ghali kuliko 7805 moja, sikatai. Lakini ongeza bei ya bati la kupozea, ongeza betri kubwa zaidi utakayohitaji, kisha ongeza vifaranga 61. Rahisi ni ghali, jamani. Kuhusu ugumu, siku hizi hakuna anayekulazimisha kusuka koili. Moduli huja na kila kitu, ina waya mbili za kuingia na mbili za kutoka.

Hata hivyo, ina mitego miwili ambayo nawaonya kama nduguzo. Mtego wa kwanza ni ile parafujo ndogo ya kurekebishia volteji. Moduli ikitoka dukani hujui imewekwa volti ngapi. Nimeona mwenzetu akiifunga moja kwa moja kwenye chipu yake. Ikapokea zaidi ya volti 6, ambazo ndizo mwisho wa ATmega328P, na chipu ikaaga dunia pale pale bila hata moshi. Fungeni betri kwanza, wekeni multimita kwenye mlango wa kutoka bila mzigo wowote, chukueni bisibisi, zungusheni polepole hadi msome mnachotaka. Pengine mtazungusha mara 10 au zaidi kabla hamjaona mabadiliko. Msikate tamaa, wala msiilazimishe. Ndipo mfunge chipu.

Mtego wa pili ni bandia. Kuna moduli zimeandikwa LM2596 juu, ndani mna chipu nyingine inayofunga na kufungua mara 50,000 kwa sekunde badala ya 150,000. Koili iliyowekwa ni ndogo kwa mwendo huo, kwa hiyo mawimbi yanakuwa makubwa na moduli inachemka kwa mzigo ambao ingepaswa kuubeba kwa raha. Utaijuaje bila mashine ya kuonyesha mawimbi? Ipe mzigo wa kweli kwa nusu saa. Funga rezista ya wati kubwa au balbu inayovuta ampea 1, kisha pima volteji na ulete kidole karibu, usikibandike. Ikishindwa mezani, imekusaidia, haijakuaibisha bandani.

Wenzangu, jambo hili la kuhesabu mzigo kabla ya kununua si geni katika shule zetu. Mwaka wa 1984, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, iliwekewa taa za sola badala ya jenereta ya dizeli. Waliohusika walikuwa mhandisi Mmarekani aitwaye Harold Burris, na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea pale shuleni. Kazi hiyo ikavuta macho ya shule nyingine na majirani, na sola ikaanza kuenea mashambani. Mfumo wa sola haununuliwi kwa kukisia. Kwanza huorodhesha taa zako, wati za kila moja na saa itakazowaka. Kisha ndipo ujue betri na paneli ya ukubwa gani. Anayeanza na paneli kisha akatafuta taa amevaa kiatu kabla ya soksi. Na mwaka wa 2012, kampuni ya M-KOPA ilianza kuwauzia Wakenya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, kwa visanduku vyenye laini ya simu ndani yake. Betri, chipu na laini ya simu: ndiyo kazi ile ile tuliyoishindwa sisi bandani. Inawezekana. Waliofaulu walihesabu.

Sasa natoa mapendekezo yangu, na walimu wetu mnisamehe nikionekana kuwafundisha wazee kula.

Mosi, Chama cha Sayansi kisitoe hata shilingi kwa mradi wowote ambao mwenye mradi hajaandika majibu ya yale maswali matano kwenye karatasi moja. Kila mradi, hata wa kiranja!

Pili, majaribio yafanywe mahali pa kazi na katika hali ya kazi. Chombo cha banda kijaribiwe bandani, mlango ukiwa umefungwa, stima ikiwa imezimwa, na kitume ujumbe wenyewe, tena mara 20 mfululizo. Kile tulichokifanya dirishani kilikuwa maonyesho, hakikuwa majaribio.

Tatu, tunapojiandaa kwa kongamano la sayansi, tusiishie kupamba bango. Jaji akiuliza, "Betri hii itadumu saa ngapi?" tuwe na jibu lenye hesabu, si lenye tabasamu.

Nne, na hili nalisema kama mwana wa Kiswahili, tuyaandike haya kwa Kiswahili ukutani mwa maabara. Tulipokuwa tukijenga kile chombo tulirushiana maneno ya Kiingereza tuliyoyakariri, kila mmoja akiogopa kuuliza asije akaonekana hajui. Nilipojaribu kumweleza mama yangu kwa nini vifaranga walikufa, nikaja na hadithi ya makanga na chenji, ndipo mimi mwenyewe nilipogundua kwamba kabla ya hapo sikuwa nimeelewa. Kuuliza si ujinga. Na kueleza kwa lugha ya nyumbani ndiyo mizani ya kupimia kama umeelewa au umekariri.

Huenda mngependa kujua mambo yalivyokwisha. Mwezi wa Septemba tulijenga upya. Tuliweka moduli mbili za swichi: moja ya volti 5 kwa chipu na skrini, nyingine tukairekebisha iwe volti 4.0 kwa ajili ya moduli ya simu peke yake, kwa waya nene na fupi, pamoja na kapasita kubwa karibu na miguu yake ya kumlisha ule mkupuo. Tulizima stima sisi wenyewe usiku, mlango ukiwa umefungwa. Simu ya mfanyakazi ikalia. Akaja mbio na jiko, akatukuta tumesimama nje tukicheka kwenye giza, akatuuliza kama tumerukwa na akili.

Vifaranga 39 waliosalia sasa ni kuku wakubwa, na baadhi yao wameanza kutaga. Katibu wa Chama cha Kilimo amenisamehe, ama ndivyo anavyosema. Lakini kila nikipita karibu na banda lile nakumbuka ndoo. Ndiyo maana nimeandika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wenu, ila guu langu limekwisha kuvunjika, nanyi mna nafasi ya kujifunza kutokana nalo mkiwa bado mnatembea na mawili.

Kwa hayo mengi naomba kuketi. Mwenye hoja ya kunipinga anitafute maabara siku ya chama. Aje na kalamu.